Dakika Tatu za Sikudhani

Habari hii nilipewa na Asumini, msusi wa nywele, mchana wa Idi ya mwaka jana, tukiwa uani kwangu tunachagua mchele wa pilau. Asumini alikuwamo katika safari yenyewe. Mengi aliyaona kwa macho yake, machache aliambiwa na walioyaona. Ninayaandika kama alivyoyasema, matusi tu ndiyo nimeyatoa.

Nchi yenyewe si yetu. Nalisema hilo mapema, mtu asije akanigongea mlango. Ni nchi nyingine, ina bendera yake, wimbo wake wa taifa na mashimo yake barabarani. Kiongozi wao anaitwa Baba wa Nyumba Yote. Sisi hatuna mtu wa jina hilo.

Watu wa huko wana adabu mno. Hakuna anayefungua kinywa hadharani kabla ya kuwataja wakubwa, mmoja mmoja, kwa vyeo vyao, kuanzia Baba wa Nyumba Yote mpaka balozi wa nyumba kumi, na ambaye hakufika anatajwa vilevile, asije akasikia hakutajwa. Hiyo wanaiita itifaki. Siku soko lao kuu liliposhika moto, muuza ndizi mmoja alipanda juu ya pipa akaanza vizuri kabisa: Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa, Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Waheshimiwa Madiwani. Alipofika kwenye neno moto, soko lilikuwa limekwisha. Akapewa cheti cha uraia mwema. Mwenzake aliyepiga kelele "Moto! Moto!" bila salamu alipelekwa kufundishwa adabu, na mke wake mpaka leo hajui darasa liko wapi.

* * *

Huko mtu akifa, wanawake hawalii ovyo. Hutafutwa mwitaji, mwanamke mwenye sauti, akaketi chini karibu na mlango na kuita majina: la marehemu, la baba yake, la babu yake, hata la ng'ombe wake kama alikuwa na ng'ombe wa maana. Kila jina anavuta kwa sauti ya namna yake. Inaanzia juu, kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya bonde, halafu inashuka, inavunjika. Jina likishashuka, waliohudhuria wanavua viatu, wanakaa chini na kuitikia: "Apumzike!" Sauti ile haina kazi nyingine. Hata mtoto anayetambaa akiisikia anatulia. Na aliyekwisha kuitwa kwa sauti ile ameitwa, hawajui namna ya kumrudisha, kwa sababu haijawahi kuhitajika.

Mwitaji mkubwa wa mji mkuu alikuwa mama mmoja, Sikudhani. Kazi hakukosa.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, Hamduni, fundi wa kuchomelea mageti. Serikali ilipozindua bomba la maji mtaani kwao, Waziri akakata utepe, ngoma zikalia, wanafunzi wakaghani. Hamduni akanyoosha mkono akauliza: "Mheshimiwa, maji yenyewe yatatoka lini?" Akachukuliwa palepale. Kosa lake ni kuuliza swali kabla ya muda wa maswali. Muda wa maswali huko ni baada ya watu kutawanyika.

Wakamweka mahali penye unyevu, kifua kikamshika. Sikudhani akipeleka uji getini, askari anamwambia, "Usiwe na wasiwasi mama, mwanao anaendelea vizuri na kikohozi chake."

* * *

Ndipo nchi ile ikaalikwa kwenye Tamasha la Sauti za Mataifa. Kila nchi inapeleka mwimbaji mmoja, anaimba dakika tatu, dunia nzima inatazama kwenye televisheni na kupiga simu za kura. Dakika tatu zikifika, sauti inakatwa, hata uwe umebakiza neno moja.

Waziri wa Nyimbo, Utulivu na Vicheko Halali alikuwa Mheshimiwa Lukelesha. Ndiye yuleyule aliyekata utepe wa bomba. Alimsikia Sikudhani kwenye msiba wa mama mkwe wake, akalia machozi ya kweli, ingawa yeye na mkwewe huyo walikuwa hawasalimiani. Akamwita ofisini. Asumini alikuwa amemsindikiza, akabaki kwenye benchi nje, mlango ukiwa haujafungwa vizuri.

"Mama, taifa linakuhitaji," akasema Waziri.

"Taifa linaye mwanangu, Mheshimiwa."

"Ndiyo maana nimekuita. Ukirudi na ushindi, mwanao anatoka. Hilo ni neno la Baba wa Nyumba Yote mwenyewe."

"Na nisiposhinda?"

"Mama, mzalendo hana nisiposhinda."

Sikudhani akatoka mle ndani akashika mkono wa Asumini. "Shoga, nisindikize huko. Peke yangu nitaanguka."

Wimbo ulitungwa na kamati. Ulikuwa unasifu jua, mito na umoja, na ubeti wa pili ulihusu saruji. Sikudhani akaujifunza bila kununa. Akaupunguza hapa, akauvuta pale, mpaka hata ile saruji ikaanza kusikika kama kitu ambacho mtu anaweza kukikumbuka akiwa mbali na kwao. Wanawake wa mtaani walikuwa wanaacha kufua wakimsikia akifanya mazoezi. Siku ya safari, ndege ilijaa wajumbe, wake wa wajumbe, na daktari wa wake wa wajumbe. Mpiga ngoma aliteremshwa ili kumpisha shemeji wa Katibu Mkuu, ambaye alisema hata yeye akiamua anaweza kupiga meza.

* * *

Nchi ya tamasha iko mashariki ya mbali, baridi inauma masikio. Walipofika hotelini, Sikudhani akauimba wimbo wote mbele ya Waziri, mwanzo mpaka mwisho, ndani ya dakika tatu. Wafagiaji wa hoteli wakasimama mlangoni na mifagio yao. Waziri akapiga makofi, halafu akakunja uso.

"Na salamu je?"

"Salamu zipi, Mheshimiwa?"

"Utasimama mbele ya dunia nzima uanze tu kuimba, kama mtu aliyekanyaga moto? Hujamtaja Baba wa Nyumba Yote! Wataona hatukulelewa."

Salamu zikapangwa. Akaanza Baba wa Nyumba Yote na sifa zake, akafuata mama yake mzazi, akafuata Mkuu wa Majeshi, akafuata Mheshimiwa Lukelesha, wakafuata wengine. Nyumbani habari zikavuja, simu ya Waziri ikawa haipoi. Mwenyekiti wa Bodi ya Ufuta alipiga akilia kwamba ametajwa mwenzake wa Bodi ya Mkonge na yeye ameachwa. Akaingizwa. Mkonge akalalamika kwamba Ufuta amewekwa karibu naye mno. Wakatenganishwa kwa majina mengine. Kusoma kwenye karatasi kulikatazwa, maana mkubwa anakaa moyoni, hakai mfukoni.

Asumini akazipima zile salamu kwa saa ya simu yake. Akapima tena.

"Mheshimiwa, samahani. Salamu zimemaliza dakika zote. Wimbo hauna pa kukaa."

"Wewe si msusi?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Basi suka."

Sikudhani alijaribu kuzikimbiza. Ulimi ukajikunja, akamwita Mkuu wa Majeshi mama mzazi wa Bodi. Akapiga magoti kwenye zulia.

"Baba yangu, nipunguzie hata kumi."

"Ukiruka jina moja, mwanao anabaki," akasema Waziri kwa upole. "Usiposhinda, mwanao anabaki. Mimi sina kinyongo naye, mama, ndivyo maelekezo yalivyo."

"Sasa nitaimba saa ngapi?"

"Hilo ni suala la kitaalamu. Mtaalamu si ni wewe?"

* * *

Huko ilikuwa jioni, nyumbani ilikuwa mchana wa jua kali. Serikali ilitangaza mapumziko ya lazima. Uwanja wa taifa ukafungwa skrini kubwa kama ukuta wa bohari, watu wakajazwa mpaka kwenye ngazi. Hata magerezani waliwekewa televisheni uani, ili wafungwa nao wajivunie.

Sikudhani akapanda jukwaani na gauni la rangi za bendera. Sakafuni mbele yake kulikuwa na saa ya taa, inakula dakika huku inamwangalia. Asumini alikuwa pembeni, nyuma ya pazia.

Sikudhani akafungua kinywa kuzisema salamu. Hakuna kilichotoka. Ile saa inakwenda. Asumini anasema pale ndipo alipomwona mwenzake anaelewa, kama mtu anayeona mlango umefungwa kwa nje: wimbo hautaimbwa. Atakuwa na majina tu. Na kama ni kushinda, atashinda na hayohayo majina au hatashinda.

Basi akayaimba. Na mwanamke yule, tangu azaliwe, majina alijua kuyaimba kwa namna moja tu.

"Baba wa Nyumba Yoteee..." Ikapanda juu, ng'ambo ya bonde, ikashuka, ikavunjika.

Ukumbi ule ulikuwa wa watu wa kila rangi. Hawakujua neno hata moja, lakini hakuna aliyehitaji kuambiwa ile ni sauti gani. Akamwita mama mzazi wa Baba. Akamwita Mkuu wa Majeshi. Akamwita Lukelesha. Bodi ya Mkonge ikashuka taratibu, Bodi ya Ufuta ikavunjika katikati. Watu wakatoa leso. Mzee mmoja wa kizungu alikuwa anamlilia Naibu Kamishna wa Mizani kama ndugu yake wa kunyonya.

Na nyumbani je? Jina la kwanza liliposhuka, uwanja mzima watu walitazamana. Halafu bibi mmoja wa jukwaa la jua, kwa mazoea tu, akavua ndala, akakaa chini, akasema: "Apumzike." Jirani yake naye akavua. Jina la pili lilijibiwa na jukwaa zima. La tatu lilijibiwa na uwanja wote, na askari wakiwemo, maana askari nao wana mama zao waliowafundisha. "Apumzike!" Waliokuwepo walisema hawajawahi kuona watu wanaomboleza kwa nguvu namna ile, tena kila jina likiwa kubwa zaidi ndivyo kiitikio kilivyozidi kupanda. Kuna waliolia mpaka wakaomba majina yarudiwe.

Zikabaki sekunde chache. Sifa alikuwa ameziacha, lakini majina yalikuwa yamekwisha yote, hakuruka hata moja. Pumzi ilikuwa ipo. Sikudhani akainua kichwa, akaita moja lake kwa sauti hiyohiyo:

"Hamduniii... mwanangu... toka nje, njoo..."

Sauti ikakatwa.

* * *

Mtangazaji wa tamasha, mama mmoja mrefu, alikuja anajifuta macho. Mkalimani akatafsiri.

"Poleni sana. Wote hao! Ilikuwa vita au ajali?"

Waziri akashika maikrofoni, akaanza na salamu, kwa hiyo yule mama hakupata jibu. Mtangazaji akaomba ukumbi usimame kimya kwa heshima ya marehemu. Wote wakasimama. Mheshimiwa Lukelesha naye akasimama, mikono mbele, kichwa chini, akajiombea.

Kura zilipohesabiwa, nchi ile ilikuwa imeshinda, na wa pili alikuwa mbali. Sikudhani hakutazama kombe. Alikuwa anamvuta Asumini mkono: "Wamesema nimeshinda? Waulize tena. Waulize kama ni kweli kweli."

Waziri alikuwa anarukaruka. Halafu simu yake ikalia kutoka nyumbani, akaacha kuruka.

Huko mambo yalikuwa yameharibika. Mpishi wa Ikulu alikuja kazini amejifunika kichwa, akapita mbele ya Baba wa Nyumba Yote bila kumwamkia, akaanza kufunga sufuria. Dereva alifika kuulizia viatu vya marehemu vitagawiwa lini. Mkuu wa Majeshi alizuiwa kwenye geti la kambi yake mwenyewe. "Afande, nisamehe," mlinzi alimwambia, "mimi mwenyewe nilikuitikia leo mchana." Hakuna karani aliyekubali saini ya mkubwa yeyote aliyeitwa.

Wakaitwa wazee wa mila na wanasheria. Walikaa, wakala, wakakaa tena. Mwishowe Mwanasheria Mkuu akapata dawa, ikasomwa redioni: "Imethibitika kimila na kisheria kwamba katika mwito, jina la mwisho ndilo la marehemu. Majina yaliyotangulia ni ya wasindikizaji. Waheshimiwa wote wako hai na wana afya njema. Serikali inasikitika kutangaza kifo cha kijana Hamduni."

* * *

Uwanja wa ndege Waziri alimpa Sikudhani mkono.

"Hongera sana, na pole sana."

"Pole ya nini?"

"Ahadi imetimia, mama. Marehemu hafungwi. Mwanao yuko nyumbani kwako."

Sikudhani hakusubiri mzigo. Alimkuta Hamduni kwenye kigoda chumbani, amekuwa mwembamba kama mpini, shati linaning'inia. Koplo mmoja alikuwa amewekwa mlangoni kuhakikisha marehemu hatoki.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba." Akamshika uso, akamshika mabega. Akamshika uso tena.

"Mama, nilikusikia. Pale uani tulikuwa tunaitikia wote. Na mimi niliitikia. Jina nililijua likiwa limeshashuka." Akakohoa, akafuta mdomo kwa kiganja, akakificha kiganja.

Sikudhani alikwishakiona. Wakambembeleza koplo, wakampa nusu ya kuku, akageukia ukutani. Walimpeleka Hamduni zahanati, yeye na Asumini, wamemshika huku na huku. Muuguzi akaandika jina kwenye kompyuta, akatikisa kichwa.

"Mama, huyu ameshakufa."

"Mwanangu, si huyu hapa anakutazama?"

"Namwona. Lakini hapa tunatibu walio hai tu, tena si wote." Alikuwa binti mwenye huruma, Asumini anasema machozi yalimlengalenga. Dawa ziko kwenye kabati la kufuli, na kufuli inafuata kompyuta. "Angekuwa mahututi ningemwingiza," akasema. "Ila kufa... Hapo mikono yangu imefungwa."

Waliporudi, gari la serikali lilikuwa limeshusha mchele, sukari na sanda. Waziri mwenyewe alikuwepo. Televisheni ya ile nchi ya baridi inakuja kesho asubuhi, akaeleza, kupiga picha ya mazishi ya kijana ambaye dunia ilimlilia. Kaburi limeshachimbwa, zuri sana, la vigae.

"Mheshimiwa," akasema Sikudhani, "mfufueni. Nyinyi ndio mliomuua, mnaweza. Tangazeni tena redioni."

"Mama, tukimfufua yeye, lazima mwito ubaki na maiti mwingine. Unataka niwe mimi?" Akamgusa bega. "Na kufufua hakuko chini ya wizara yangu."

Akaondoka. Sikudhani akamgeukia koplo.

"Koplo, mwanangu, kesho mnazika nini?"

"Mama, mimi nimeambiwa kaburi litafukiwa," koplo akajibu akitazama viatu vyake. "Cha kutia ndani, nimeambiwa nisubiri maelekezo."

* * *

Hapo ndipo akili ilipomruka kidogo, au ndipo ilipomrudia, Asumini hajui. Sikudhani alitoka akasimama katikati ya ua. Majirani walikuwa wamekwishatandika mikeka, hawana raha. Akawaambia:

"Nisikilizeni. Sauti ya kumwita aondoke ninayo. Sasa namwita kwa sauti ya kumwita ale. Mkiona ameitika, mseme mmemwona. Basi. Semeni tu mmemwona."

Akaita, sauti ileile ya mama yeyote chakula kikiwa tayari: "Hamduni we! Hamduni! Njoo ule!"

"Nakuja mama," Hamduni akajibu chumbani, halafu kikohozi kikamshika.

Majirani walisikia. Asumini anasema walisikia wote, aliona nyuso zao. Koplo alikuwa mlangoni, anatazama nani atasema. Mzee wa nyumba ya pili, aliyemfundisha Hamduni kushika moto wa kuchomelea, ndiye aliyeanza. Akainama, akavua viatu vyake taratibu, akavipanga.

"Apumzike," akasema.

Wengine wakavua.

Sikudhani hakuwatukana. Aliingia ndani, akampa mwanawe uji kijiko kwa kijiko mpaka akakataa, akamlaza, akamfunika. Jua la alasiri lilikuwa linachoma mabati. Uani waombolezaji walishiba mchele wa serikali, wakalala mmoja mmoja palepale kwenye mikeka. Koplo alisinzia kwenye kiti, mdomo wazi. Hamduni akapitiwa na usingizi, kifua kinapanda kwa shida, kinashuka.

"Dada, na wewe jinyooshe," Asumini akamwambia. "Nitakaa macho."

"Nenda nyumbani, shoga, una watoto. Mimi silali."

Akatandika kanga kizingitini, akajilaza kukatisha mlango, kichwa ukutani na miguu ukutani, ili kila atakayekuja kumchukua mtu mle ndani amkanyage yeye kwanza. Asumini akamruka polepole, akatoka. Alipofika kwenye ua wa michongoma aligeuka. Macho ya Sikudhani yalikuwa wazi, yanatazama njia. Yakafumba. Akayafungua kwa nguvu, akajifinya mkono, akatazama njia tena. Yakafumba, na safari hii usingizi ulimshinda, hayakufunguka.